Mlima Ulioandikwa Kuwa Mtupu

Jumapili, tarehe 17 Novemba,
mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke Garissa

Ndugu yangu Hillow,

Assalaamu alaykum. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua na jicho la kushoto limetulia tangu lipasuliwe. Je, mvua ya deyr, hii ya mwisho wa mwaka, imeshafika, au bado ni mawingu ya kupita tu? Na yule ngamia jike mwekundu aliyekuwa akimkataa ndama wake, amemkubali? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Norwei imeanza na magoti yanalalamika kwenye ngazi, lakini ninakula na ninalala.

Shemeji Mwalimu, nawe nakusalimu hapa juu kabisa, kwa sababu najua ni wewe unayemsomea. Kifua kinaendeleaje? Nina ombi moja. Humu ndani nimemsema mwanao Ismail, na sikumsema vizuri. Usiruke mstari. Ukiruka, Hillow atajua, maana sauti yako hupanda kidogo ukificha kitu. Ulikuwa hivyo tangu ulipotusomea magazeti barazani, mwaka ule ulipoletwa shule yetu kutoka Mwingi na hukujua hata neno moja la Kisomali.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu Hillow hunikatiza, nami nikikatizwa husahau nusu ya nilichotaka kusema. Leo nataka kusema chote.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, walaal, ndugu yangu. Nimeusikiliza tena na tena, hadi nikajua ni wapi mwadhini anaanza nyuma yako na ni wapi tuktuk inapita. Ulisema hivi, nanukuu ili usije ukadai nimeongeza chumvi: “Yusuf, mwache mtoto afanye kazi yake. Mwezi wa pili tunakwenda Banissa kumposea, na wewe ndiye adeer yake, ami yake, wewe ndiye utakayesema mbele ya wazee wa msichana. Huwezi kumwaibisha huko mbele ya wageni, kisha uje umsifu hapa. Chagua moja. Ukisimama kwenye hicho kikao chenu, usije.”

Nimekasirika, Hillow. Na hii si hasira ya mzee aliyekosa usingizi. Ina sababu, na sababu yenyewe nitaieleza polepole, kwa kuwa naona Ismail amekueleza nusu. Amekuambia kwamba ninapigania wadudu. Nianzie hapo.

Kusini mwa Madagaska, mbali na nchi yoyote, kuna mlima ambao hakuna mtu aliyeuona kwa macho. Unaujua uwanda wa kutoka Garissa hadi Dadaab, jinsi mtu anavyosafiri bila kukuta hata kilima cha kupumzisha jicho. Sakafu ya bahari kuu kwa sehemu kubwa iko hivyo, tambarare na giza. Kisha ghafla panainuka mlima, mrefu kuliko wowote unaoweza kuonekana kutoka kwetu, na kilele chake kinaishia chini ya maji, meli inapita juu yake bila kujua. Mkondo wa bahari ukiupiga mlima huo hupinda, huzunguka, na hupandisha maji baridi yenye rutuba kutoka chini. Rutuba ikifika, uhai unafika.

Uhai wenyewe mwingi ni mdogo. Tunauita planktoni: wanyama wanaochukuliwa na maji, wasio na nguvu ya kushindana na mkondo. Kuna jamaa wa kamba wadogo kuliko punje ya simsim, wenye mapapasio marefu kuliko mwili. Kuna uduvi wenye taa mwilini. Kuna minyoo myembamba kama sindano, angavu kama kioo, nao ni wawindaji wakali. Kuna konyeza, wale wa mwili kama rojo, wa ukubwa wa ukucha. Kuna watoto wa samaki, wa kaa, hata wa matumbawe, wanaopitia utoto wao humo kabla ya kupata sura za wazazi wao. Nimewatazama kwa hadubini maisha yangu yote ya kazi na bado hutokea mmoja nisiyemjua. Samaki wakubwa na ndege wa baharini na nyangumi wanakula kwa sababu hawa wapo.

Na sasa sikiliza hili, kwa sababu kesi yote iko hapa. Wanyama hawa wanahama. Mchana hushuka kilindini, gizani, samaki wasiwaone. Jua likitua hupanda juu kulisha. Alfajiri hushuka tena. Wale wanaoshuka juu ya kilele cha mlima huzibiwa njia na mwamba, na samaki wa mlimani wanawangoja hapohapo. Jua likiwa juu, maji ya pale kileleni huwa yamekwisha kufagiliwa. Wengine wote wako kwenye miteremko, chini zaidi, kila jamii kwa kina chake. Na upande unaopigwa na mkondo una jamii zake, si zile za upande uliokingwa. Kwa hiyo ukishusha wavu adhuhuri juu ya kilele, utapandisha maji ya chumvi na vidudu vichache vilivyochelewa.

Mwanao alishusha wavu adhuhuri juu ya kilele.

Hakushusha kwingine, wala saa nyingine. Kuna kampuni inayotaka kukwangua ukoko wa mlima ule, kwa kuwa una madini yanayotafutwa kwa ajili ya betri. Kabla ya kupewa kibali inatakiwa ionyeshe, mbele ya kile kikao ambacho nami nimeitwa kusema, ni nini kinachoishi pale, maana tope la kukwangua husambaa majini na kuwaziba hao wadogo vinywa. Kampuni ikakodi meli, ikamwajiri Ismail awe mkuu wa upande wa viumbe. Akaenda, akarudi, akaandika kwamba maji ya eneo lile yana uhai haba usio na jambo la pekee. Akatia sahihi. Alivuta wavu mmoja kutoka chini hadi juu ukiwa wazi muda wote, hata hicho kidogo alichopata hajui kilitoka kina gani. Ni kama mtu amimine maziwa ya ngamia, ya ng'ombe na ya mbuzi katika kibuyu kimoja, kisha aseme ameonja na hakuona tofauti.

Shemeji, pumzika kidogo, unywe maji, halafu uendelee.

Hillow, unamkumbuka yule ofisa wa mifugo aliyekuja kambini kwetu tulipokuwa wadogo? Alikunywa chai mjini hadi jua likawa kali, akafika adhuhuri na viatu vyake vinavyong'aa, akaenda moja kwa moja zizini.

“Mzee, ng'ombe wako wapi?”

“Wanakula,” baba akamjibu.

“Nimeambiwa una mifugo mingi. Mbona zizi ni tupu?”

“Wewe saa hizi uko wapi? Uko kitandani kwako?”

“Mimi niko kazini.”

“Basi nao wako kazini. Njoo magharibi.”

Hakurudi magharibi. Aliandika alichokiona, na dawa za chanjo zilipogawanywa, kambi yetu haikupata, kwa kuwa kwenye karatasi zao hatukuwa na ng'ombe. Mama alizika ndama wangapi msimu ule? Baba hakupenda kuhesabu mifugo kwa sauti, wewe unajua, kwa kuogopa jicho baya, lakini ukimwamsha usiku angekwambia ni nani hayupo. Huo ndio ujuzi tuliolelewa nao: kutazama kundi na kujua nani hayupo. Na huo ndio ujuzi wote ninaoutumia humu kwenye hadubini. Chuo kikuu sikujifunza kingine kikubwa zaidi ya hicho.

Ismail anaijua hadithi hiyo. Ulimsimulia wewe mwenyewe, nawe ukaiga jinsi ofisa alivyonyanyua viatu asikanyage samadi, mtoto akacheka hadi akakwama. Kama angekuwa kijana aliyezaliwa kwenye ghorofa hapa mjini, ningesema hakujua. Ningemwita nimfundishe. Huyu amelelewa na watu wanaohama. Anajua kwamba mahali patupu adhuhuri si lazima pawe patupu usiku. Anajua kuliko mabosi wake wote.

Alikuja kwangu mwezi uliopita, akitoka kwenu. Alileta ile nyama ya nyirinyiri uliyomfungashia, Shemeji, na nashukuru, samli ilikuwa safi. Aliketi, akavua koti, akaniuliza habari ya magoti. Kijana mzuri. Hapo ndipo pananiuma zaidi. Nikamwambia nimeisoma kazi yake.

“Umeionaje, adeer?”

“Usiku mlikuwa wapi?”

“Usiku meli ilikuwa na shughuli nyingine.”

“Shughuli gani?”

“Kupima mawe. Adeer, meli si yangu. Mimi nilipewa mchana.”

“Ukaandika kwamba ulipewa mchana?”

Akachezea simu.

“Imo,” akasema. “Kwenye kiambatisho, huko nyuma.”

“Na kule mbele uliandika nini?”

“Adeer, kuwa mpole. Hiyo ni kazi tu.”

“Ulikwenda zizini adhuhuri, Ismail.”

Akacheka. Walaahi alicheka. “Hiyo ni stori ya awoowe, ya babu! Hawa si ng'ombe, hawa ni madudu. Hayana mwenyewe. Nani atakuja kuyalilia? Watu wa Garissa?” Alipoona sicheki, akaongeza, na hili nalo uambiwe: “Wewe umekaa hapa miaka yote ukitazama vitu visivyoonekana, umepata nini? Hata mke huna. Mimi nataka nyumba, nataka watoto, nataka mzee wangu Hillow atibiwe macho yote mawili. Hilo ni kosa?”

Nikamwambia hilo si kosa. Nikamwuliza kama atawaandikia wenye kampuni, aseme kipimo kirudiwe usiku na kwenye miteremko. Akasema akiandika hivyo kazi imekwisha, na kila mwenye kampuni nyingine atasikia. Kisha, akiwa amesimama mlangoni anafunga koti, akanitupia la mwisho:

“Na jina lako limo, adeer. Kwenye shukrani. Walinichukua kwa sababu yako. Ukinipinga, unajipinga.”

Nilikwenda kutazama. Limo. “Kwa mwongozo wa ami yangu,” na jina langu kamili. Mwongozo upi? Sikuulizwa neno moja. Jina langu limewekwa pale kama muhuri, ili anayesoma aseme, ikiwa yule mzee amekubali, basi.

Nikaenda kwa mkuu wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari. Mwanamke msomi, tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Akanisikiliza, akanipa kahawa, akasema wenye kampuni wametuahidi kwamba tutatumia meli yao kwa utafiti wetu wenyewe, kwa hiyo tusiharakishe. Akasema nimestaafu, nipumzike, nimestahili. Nilimwuliza mlima umestahili nini. Akatazama saa. Huyo naye nimemkasirikia, lakini yeye si damu yangu.

Mnaniuliza kwa nini linaniingia hivi. Nitawaambia, ingawa mngepaswa kujua. Sisi ndio watu wa “kule hakuna kitu.” Shemeji, wewe ulitusimulia kwamba ulipopata barua ya kupelekwa Garissa mama yako alilia, akauliza, “Garissa? Huko kuna nini?” Ukafika, ukakuta watu, ukakuta shule imejaa watoto wanaojua majina ya mababu kumi bila daftari, ukakaa, ukaolewa, ukazaa. Mimi nimesoma mambo mengi yaliyoandikwa juu yetu. Kame. Tupu. Watu wachache wanaotangatanga. Walioandika walikuja wakati wa kiangazi, wakati mifugo imehamia mbali, kwenye maji ya Tana, wakatazama vumbi, wakaondoka. Kisha kwa karatasi hizo barabara ikapelekwa kwingine, na daktari kwingine. Na pasipoti yangu ilipokwisha muda, karani mmoja aliniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikamwambia alizaliwa kambini, kati ya kisima fulani na kisima fulani, nikamtajia vyote viwili. Akasema kisima si anwani. Ndiyo sababu niko hapa, Hillow. Sikuja kukaa. Nilikuja kusoma, nikaandikwa kuwa sitoki popote.

Halafu mtoto wetu, mtoto wa kisima kile kile, anashika kalamu na kuwafanyia wengine hivyo hivyo. Nao hata kusema hawawezi. Hawatatuma wazee. Mlima ukikwanguliwa hautapona katika umri wa mtu yeyote aliye hai, wala wa wajukuu wake, na wanyama ambao hatujawapa hata jina watakuwa wamekwisha kwa sababu kijana mmoja alitaka bosi wake afurahi.

Uliniuliza kwenye ujumbe wa pili, ule mfupi, kwa nini nisiseme tu kwamba vipimo havitoshi, bila kumtaja. Nimelifikiria. Nimelifikiria kwa wiki mbili, kwa sababu nilitaka sana liwezekane. Haliwezekani. Ripoti ina jina moja. Wale wa kikao watasoma kwamba kazi ilifanywa mchana tu, na wataniuliza, kwa adabu, kama mwandishi hakufahamu tabia ya viumbe hawa. Nikisema hakufahamu, nimedanganya, na jina langu limo pale pale chini kuthibitisha uongo. Nikisema alifahamu, nimemvua nguo. Hakuna jibu la tatu. Nitasema alifahamu.

Usidhani imekuwa rahisi. Nilikuwa nimeanza kuyafanyia mazoezi maneno ya Banissa. Bafuni, kwa sauti, jirani wa juu akagonga sakafu. Nilikuwa nimepanga nianze na ukoo wa mama yetu, kwa kuwa wazee wa kule wangeupenda, kisha nimtaje baba, kisha wewe, nimfikishe Ismail mwisho akiwa amebebwa na wote hao. Nilinunua shuka jipya na kofia. Nilikuwa nikijiuliza kama nitaitambua njia ya kushuka mtoni nyuma ya soko la mifugo, kama bado kuna wale wanawake wa maziwa pale kona, na kama vijana wa mjini watanicheka Kisomali changu cha zamani. Nilitaka kulala kwenye mkeka uani kwako na kusikia ngamia wakicheua. Ni vitu vidogo. Nilivitaka kwa miaka mingi.

Lakini siwezi kusimama mbele ya baba wa binti wa watu na kusema, huyu ni kijana mkweli, mwaminini. Katika hilo umesema haki, walaal, kuliko ulivyokusudia. Siwezi kusema moja huku na nyingine huko. Ulitaka nichague, nami nimechagua huku.

Kikao ni katikati ya mwezi ujao. Ismail atakuwepo, ameshajua, nimemwandikia kabla yenu kwa sababu sikutaka alisikie kwa mama yake. Hajanijibu. Akinijibu kwamba ameomba kipimo kirudiwe, nitakaa kimya na nitambusu kichwa. Sitarajii.

Nisalimie dada yetu Kaltuma na umwambie aache kubeba madebe ya maziwa mwenyewe, ana wajukuu wenye mabega. Nisalimie Mzee Dakane, mnunuzi wa ngozi, kama bado anamtambua mtu. Msalimie mwanao mkubwa Bare, aliyebaki na mifugo bila mtu kumsifu. Mwambie adeer yake anamsifu. Wazee wa Banissa wakiuliza niko wapi, usiwaambie ninaumwa. Siumwi. Waambie kilichotokea, waamue wenyewe juu ya binti yao. Na wewe Shemeji Mwalimu, ikiwa umefika hapa bila kuruka, nakushukuru, na nakuomba radhi kwa ulichosomeshwa kwa sauti yako mwenyewe.

Hillow, nina miaka sabini na mmoja. Hasira ya nyumba nzima haipoi haraka, na mimi sina muda wa kuingoja. Chumba mlichoniwekea mpeni Bare na mkewe. Tiketi nimeirudisha. Sitakuja Banissa, na Garissa sitarudi.

Kaka yako,
Yusuf